26 mbili zisizooana: mwalimu wa Ahero anataka baiskeli mpya

SWALI

Fundi, pokea salamu kutoka Ahero.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku uwanda wa Kano. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kama kilomita 7. Tatu za kwanza ni njia ya udongo mweusi kando ya mashamba ya mpunga, kisha naingia lami. Nyuma nambeba kitinda mimba wangu wa miaka 6, na mfuko wa daftari za kusahihisha. Jumamosi hubeba mchele kama kilo 25 kupeleka sokoni.

Mwaka juzi nilinunua Kisumu baiskeli ya mtumba iliyotoka Japani. Ilikuwa nzuri, ina kikapu mbele, taa na kengele. Ikanibeba miezi minane, kisha tairi la nyuma likapasuka ubavuni. Nikaangalia nikaona 26, nikaenda dukani nikaomba tairi la 26, nikapewa jipya lenye meno. Fundi wa hapa kwetu alihangaika nalo kuanzia saa tisa hadi jua likatua, kwa bisibisi mbili na maji ya sabuni. Halikuingia. Akaniambia nimeuziwa tairi feki. Kulirudisha, dukani wakakataa kwa sababu limeshachubuliwa, wakasema 26 ni 26. Tangu siku hiyo baiskeli imeegeshwa jikoni na kuku hulala juu ya usukani wake. Binti yangu mkubwa, ambaye sasa yuko Gredi ya 8, anatembea kwa miguu.

Sasa nimepata shilingi 17,000 kutoka chama chetu cha akina mama na nataka kununua nyingine. Nimeona tatu. Ya kwanza ni Black Mamba mpya ya 28, ya kiume, ile yenye bomba la juu. Ya pili ni ya gia, 26, kuna moja yenye springi mbele na nyuma na nyingine isiyo na springi. Ya tatu ni ya 29, ya mtumba, magurudumu makubwa na matairi membamba. Baba watoto anasema nichukue ya 29 kwa kuwa gurudumu kubwa linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja. Muuzaji anasema Black Mamba haifi.

Urefu wangu ni futi 5 na inchi 2. Nisaidie: nichukue gurudumu gani? Na kwa nini 26 ilikataa kuingia kwenye 26? Sitaki kutupa pesa mara ya pili.

Mwalimu, Ahero

JIBU

Mwalimu, pole kwa ile baiskeli ya Japani, na pole zaidi kwa majibu uliyopewa. Tairi lako halikuwa feki, wala fundi wako hakuwa mzembe. Lilikuwa tairi zima kabisa, la baiskeli nyingine. Nianze hapo, kwa sababu ukilielewa hilo hutanunua kwa kubahatisha tena.

Namba 26 ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo huo kuna ndugu wasioweza kuvaliana nguo. Zamani kila nchi iliyotengeneza baiskeli ilitaja ukubwa wa tairi kwa kukadiria inchi za nje, na rimu za vipimo mbalimbali zikajikuta zimepewa jina moja. Baadaye ukawekwa utaratibu wa kimataifa wa namba mbili zenye kistari katikati, na namba hizo zipo kwenye tairi lako la zamani hata sasa. Nenda jikoni na kitambaa kibichi. Futa vumbi ubavuni mwa tairi, karibu na rimu, zungusha gurudumu taratibu huku mwanga unaingia kwa upande. Maandishi yamechomoza kwenye mpira wenyewe, rangi ni ile ile nyeusi, ndiyo maana watu wengi hawayaoni. Karibu na 26 x 1 3/8 utakuta kitu kama 37-590.

Hiyo 37 ni upana wa tairi likijaa upepo, kwa milimita. Na 590 ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia, pia kwa milimita. Baiskeli nyingi za mjini kutoka Japani zenye jina la 26 ni 590. Lile tairi lenye meno ulilouziwa, nina hakika lina nukta ya desimali badala ya sehemu kama ile 3/8, yaani 26 x 1.95 au 26 x 2.10, na namba yake ya pili ni 559. Toa 559 kwenye 590: milimita 31, upana wa vidole viwili hivi. Ndani ya ukingo wa tairi hilo kuna waya wa chuma usiovutika. Fundi wako angelikalia hadi alfajiri na lisingeingia.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, jambo hili litakukera kama linavyonikera mimi. Ubaoni, 1.75 na 1 3/4 ni kitu kimoja. Kwenye tairi, 26 x 1.75 ni 559, na 26 x 1 3/4 ni 571. Ukiona sehemu upande mmoja na nukta upande wa pili, usitoe pesa mpaka umesoma ile namba ya tarakimu tatu.

Hilo kosa la 26 lilikuumiza mfuko. Kosa la 28 linaweza kukuumiza mwili, na sitaki nilipite haraka. Tairi la Black Mamba ni 28 x 1 1/2, yaani 40-635. Baiskeli za mtumba kutoka Ulaya nazo huandikwa 28, lakini rimu zake ni 622. Hapa tairi ndilo kubwa, kwa milimita 13, kwa hiyo linaingia kwa urahisi, bila bisibisi, na mtu anafurahi. Nimemwona kijana mmoja pale Kondele, Kisumu, ambaye baiskeli yake ilivishwa hivyo. Alijaza upepo, akapakia kreti mbili za mkate, akaondoka. Hakufika mita 200. Ukingo wa tairi ulichomoka upande mmoja, tyubu ikatokeza nje kama ulimi, ikapasuka kwa mlio uliowageuza watu wote shingo, na yeye akaenda chini na mikate yake. Bahati nzuri hakukuwa na gari nyuma. Tairi linaloingia kwa urahisi mno ni la kuogopa kuliko linalokataa.

Sasa tuje kwa hizo tatu ulizoziona.

Black Mamba naiheshimu. Kazi ya boda boda ilizaliwa mpakani Busia kwa baiskeli, na kabla pikipiki hazijajaa Kisumu, baiskeli za namna hii ndizo zilizobeba watu, samaki na magunia. Kijadi gurudumu lake la nyuma lina spoku 40 na la mbele 32, na ndiyo sababu linavumilia mzigo. Tairi na tyubu zake utazipata hata kwa fundi anayefanyia kazi chini ya mti. Muuzaji hakukudanganya kwa hilo. Lakini fremu za 28 mara nyingi ni za inchi 22 au 24. Kwa futi 5 na inchi 2 utasimama juu ya bomba lile kwa ncha za vidole, umevaa sketi, una mtoto nyuma, na lori linakupita kwenye lami. Siwezi kukushauri hivyo. Kuna na jambo la breki. Zile za vyuma hubana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa, breki hushika kwa shida. Huku kwenu mvua ikianza Machi inalowesha kila kitu hadi Mei. Rimu ya alumini hushika vizuri zaidi ikiwa na maji.

Ya 29, baba watoto ana ukweli ndani yake, na umwambie nimesema hivyo. Gurudumu kubwa linapita juu ya shimo kwa ulaini kuliko dogo, kwa kuwa linakutana na ukingo wa shimo kwa pembe isiyo kali. Na kweli linakwenda mbali zaidi: 29 yenye tairi la inchi 2.1 hutembea kama mita 2.29 kwa mzunguko mmoja, wakati 26 yenye 1.95 hutembea kama mita 2.07. Ila mita hizo za ziada zinalipwa na paja lako. Kwa gia ile ile, gurudumu kubwa ni zito zaidi kulisukuma, hasa unapoanza kuondoka na mtoto na mfuko wa daftari. Isitoshe, kwenye fremu ndogo ya kukutosha wewe, gurudumu la 29 linakaribia sana pedali, na ukikata kona kali ncha ya kiatu inaweza kugonga tairi la mbele. Baba watoto akiwa mrefu, huenda ingemfaa yeye. Anayekwenda kazini kila siku ni wewe, na baiskeli ipimwe kwa mwili wako.

Umesema pia matairi yake ni membamba. Hilo peke yake lingetosha kunikataza, na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Watu hubishana kuhusu 26 na 29 wakasahau upana, na kwa njia yako upana ndio wenye neno kubwa. Ule udongo mweusi wa Kano unaujua kuliko mimi. Kiangazi unapasuka nyufa zinazoweza kumeza tairi jembamba hadi kwenye rimu. Mvua ikinyesha unakuwa gundi. Tairi la milimita 28 litazama na kukata mfereji. Tairi la milimita 50, ambayo ndiyo 1.95, linakaa juu zaidi, linavuka nyufa, na linameza mawe madogo ambayo mtoto wako huyahisi mgongoni.

Upana una faida nyingine ambayo utaisoma kwenye tyubu. Siku ukipata pancha, mwombe fundi akuonyeshe tundu kabla hajaliziba. Tundu moja dogo ni mwiba au msumari. Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka, yanamaanisha tyubu ilibanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu. Hiyo haiponi kwa kubandika kiraka tu, itarudi wiki ijayo. Dawa yake ni upepo zaidi au tairi pana zaidi. Kwa uzito wako, mtoto na mzigo, kwenye tairi la milimita 50 jaza nyuma PSI (kipimo cha nguvu ya upepo) 45 hadi 50 na mbele 35 hadi 40, mradi usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Nyuma pawe na upepo mwingi kwa sababu mzigo wote uko huko. Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi. Kila baada ya wiki moja pitia kwa mtu mwenye pampu yenye saa ya kupimia upepo.

Lakini usiende kununua pana kupita kiasi. Udongo ule unajikusanya kati ya tairi na fremu, na chini ya madigadi, hadi gurudumu linagoma kuzunguka na mtu anabaki amebeba baiskeli. Unapokagua, ingiza kidole cha shahada kati ya tairi na fremu, juu na pande zote mbili, mbele na nyuma. Kikipita bila kusugua, pana nafasi. Kisipopita, utakuwa unachokoa matope kwa kijiti kila mita 50. Madigadi nayo yainuliwe juu, na masika yakikolea, toa kabisa ile ya mbele hadi njia ikauke.

Kwa hiyo jibu langu ni ile ya gia ya 26 isiyo na springi. Hakikisha ubavuni imeandikwa 559, na tairi ni 1.95 hadi 2.10. Sababu yangu kubwa ni fundi wako. Nje huko watengenezaji wamehamia 29 na 27.5, lakini tairi la 559 bado ndilo unaloweza kulipata Ahero, Awasi au soko la Kibuye kule Kisumu bila kuagiza. Gurudumu zuri kuliko yote duniani, kama tairi lake linatoka Nairobi kwa siku nne, litakufanya utembee siku nne. Kabla hujalipa, pita kwa mafundi wawili wa kwenye njia yako ya kila siku na uwaulize wana tairi na tyubu za namba gani leo, zionekane kwa macho.

Yenye springi mbele na nyuma iache dukani. Najua inapendeza. Springi za bei hiyo huongeza uzito, kila unapokanyaga pedali zinakunywa nguvu yako, na karia ya kubeba mtoto haikai imara juu ya fremu inayochezacheza. Tairi pana lenye upepo wa kiasi litakupa ulaini unaoutafuta.

Chagua tairi lenye mstari laini katikati na meno pembeni. Katikati ndiyo inayogusa lami zile kilomita 4, na pembeni patashika unapozama. Meno makubwa kote hunguruma kwenye lami na kukuchosha bure. Tena kwa udongo unaonata yanageuka mkate mmoja wa matope.

Kuhusu fremu: simama pekupeku, mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya miguu juu kabisa, weka alama ukutani kwa kalamu, pima hadi sakafuni. Ukisimama juu ya bomba la baiskeli pabaki angalau sentimita 5. Kwa urefu wako utaishia kwenye fremu ya inchi 15 au 16. Ukipata ile yenye bomba lililoinama, chukua hiyo. Kupanda na kushuka ukiwa na mtoto nyuma ni rahisi zaidi. Usikubali kuambiwa utazoea.

Pini ya tyubu iwe nene kama ya gari. Rimu yenye tundu dogo la pini nyembamba haitaipokea, kwa hiyo angalia hilo pia. Zungusha kila gurudumu hewani huku ukitazama rimu inapopita kwenye raba za breki. Ikiyumba kushoto na kulia, spoku zikazwe na kupimwa hapo hapo dukani, kabla ya pesa kutoka. Na mtu akikushauri siku moja ubadilishe 26 iwe 27.5 au 29 kwenye fremu hiyo hiyo, kataa. Raba za breki hazitaikuta rimu mpya, na hata kama breki zingekuwa za sahani (disc), tairi linaweza kusugua fremu.

Hizo 17,000 usizimalize kwenye baiskeli. Tenga pesa ya karia ya chuma yenye miguu minne, tyubu moja ya akiba, na kinga ya spoku upande wa miguu ya mtoto. Hili la mwisho nakuomba kama mzazi. Mtoto wa miaka 6 akisinzia, mguu unateleza, na kisigino kikiingia kwenye spoku gurudumu halisubiri. Nimeona kisigino cha namna hiyo mara moja na sitaki kukiona tena. Fundi anaweza kukutengenezea bati au wavu pande zote mbili, na vyuma viwili vya kuwekea miguu. Mtoto asipande mpaka vyote vimefungwa.

Jumamosi ya mchele mtoto abaki nyumbani. Kilo 25 na mtoto kwa pamoja ni nyingi kwa karia na kwa breki zako, hata kama tairi litavumilia.

Na ile ya jikoni, usiiuze kama chuma chakavu. Inahitaji tairi moja la 37-590. Ling'oe lile lililopasuka, lifunge kwa kamba, uende nalo mkononi hadi Kisumu, pale Kibuye wanapouza vipuri vya mtumba. Usiombe 26. Taja 590, kisha linganisha jipya na la zamani, ukingo juu ya ukingo, kabla hujalipa. Tyubu yake ina huruma, inavutika, kwa hiyo ile ya sasa ikiwa haijaoza itatumika. Baiskeli za namna hiyo zina fremu ya chini, binti wa Gredi ya 8 ataiweza. Ila njia yake isiwe ya matope, tairi la milimita 37 halitamtoa. Kama naye anapita kando ya mpunga, aitumie kiangazi, na masika aikokote zile kilomita 3 hadi lami, kisha apande.